Mzee Murunga Bado Yuko Kazini

Mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Watu wa Kianda wananijua: ukiniletea stori ya majini nikiwa nakata kitambaa, nitakuuliza hayo majini yanalipa nyumba kwa landilodi gani. Kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata rafiki yangu Sella, na mengine niliyaona kwa haya macho yangu, mchana, jua likiwaka.

Siku yalipoanza ilikuwa siku ya kawaida tu. Nilikuwa kwa kibanda changu nikishona sketi za shule, cherehani ikinisumbua kama kawaida yake. Sella akaingia na nyama imefungwa kwa karatasi, akaketi, akaniambia anahama. Amepata nyumba ya mawe Kawangware, steji ya 46, yenye maji ndani. Nikamtania kwamba ujane umemkubali. Alicheka, lakini hakuniangalia. Hiyo nyama tuliipika jioni hiyo hiyo na nikala nikashiba, mimi na binti yangu Yvonne. Leo nikiikumbuka nasikia vibaya.

Mumewe, Mzee Murunga, alikuwa tarishi katika idara moja ya serikali kule mjini. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili kutoka ofisi hii hadi ile. Saa mbili asubuhi yuko kazini, saa kumi na moja jioni anatoka. Hakuwa mtu wa kukosa. Akifika nyumbani anavua viatu, anaegemea kiti, anavuta pumzi na kusema "aaah" ndefu, mpaka sisi majirani tunaisikia kupitia mabati. Halafu siku moja akaanguka na presha, na hakuamka.

Wakati wa matanga alikuja kijana wa ofisini kwao, karani wa mishahara anayeitwa Muema. Mpole, ana sauti ya chini, ungedhani ni mhubiri. Alimwita Sella nyuma ya hema. Alimweleza kwamba akiripoti kifo, mshahara utakatwa mwezi huo huo, na pensheni ataifuata mpaka viatu viishe. Lakini kama hakuna mtu atakayesema kitu, jina litabaki, mshahara utaendelea kuingia, na wao wawili watajua vile watagawana.

"Wacha Mzee aendelee na kazi," Muema alimwambia.

Sella, macho yamevimba kwa kulia, alijibu, "Sawa. Aendelee na kazi."

Maneno hayo alikuja kuniambia baadaye sana. Wakati huo sikujua.

Tukampeleka Mzee kwao Malava, tukamzika. Sasa, kwao kuna desturi. Baada ya mazishi, watu wa nyumba hukusanyika kunyolewa nywele, na hapo mzee wa ukoo huuliza mbele ya kila mtu: huyu ndugu yetu amewacha nini hakijafungwa? Nani anamdai? Kuna kazi gani bado inamwita? Kila kitu husemwa hapo, ndiyo marehemu aachiliwe aende zake. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya Sella. Mzee wa ukoo aliuliza. Sella akaangalia chini. Akauliza tena, akimtazama yeye. Sella akatikisa kichwa. Wembe ukapita kichwani mwake, na hiyo ikawa imeisha, sisi wote tukidhani imeisha.

Mwaka na ushee ukapita. Binti yake, Nasike, akajifungua mtoto wa kiume pale Kawangware. Mtoto alilia, jamani. Alilia mchana, akalia usiku, akakataa titi, mpaka wapangaji wakaanza kugonga ukuta. Sella akamwita wifi yake Rachael, dadake marehemu, atoke Malava. Senge Rachael, yaani shangazi, ndiye mwenye kujua mambo ya majina. Kwao, mtoto akilia hivyo, kuna mtu wa kale anayetaka kuitwa, na mtoto hutulia mtu huyo anapotajwa.

Senge alimpakata, akaanza kutaja majina ya wafu wao mmoja mmoja, polepole. Mtoto analia tu. Akataja babu, akataja ami. Analia. Akasema, "Murunga." Kimya. Mtoto akafungua macho, akamwangalia Sella, kisha akashika titi la mamake kama mtu aliyetoka safari. Tulipiga vigelegele. Sella peke yake hakupiga. Nilidhani ni uchungu wa mume.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, mtoto alilala.

Walifurahi. Nasike akarudi kwa kazi yake ya saluni, akamwachia Sella maziwa kwenye chupa. Maziwa hayakuguswa. Jioni saa kumi na moja mtoto akaamka akanyonya kwa pupa. Jumanne hivyo hivyo. Wiki nzima. Jumamosi na Jumapili alikuwa macho mchana kutwa, anachezesha miguu. Jumatatu, kimya. Walimpeleka kliniki, daktari akasema wengine ni walalaji, wasubiri.

Mimi nilienda kuwaona siku ya Jumatano. Sella aliniacha na mtoto akashuka dukani. Nikasema acha nimchukue kidogo. Nikamwinua, mikono yangu ikashtuka. Alikuwa mwepesi. Si mwepesi wa mtoto. Mwepesi kama nguo ambayo mtu ameivua. Nikamfinya kidole cha mguu. Hakuna. Nikamfinya kwa nguvu, Mungu anisamehe. Hakuna. Alikuwa anapumua, lakini baridi, na ile pumzi ilikuwa mbali, kama inatoka chumba cha pili. Niliketi naye hapo nikiogopa kumweka chini na kuogopa kumshika. Saa kumi na moja ilipofika, uzito ulimrudia mikononi mwangu, mara moja, mpaka nusura nimwangushe. Akafungua macho. Akavuta pumzi ndefu.

"Aaah," akasema.

Mtoto wa wiki sita.

Niligeuka. Sella alikuwa amesimama mlangoni na unga mkononi. Hakushtuka. Hapo ndipo nilijua kwamba alikuwa anajua. Nilimwuliza, sikumbembeleza, na alinieleza yote: Muema, hema, mshahara. Alieleza akinong'ona ingawa tulikuwa peke yetu. Sikukuu ya Madaraka, alisema, ofisi zilifungwa, na mtoto alishinda macho siku nzima.

Nilimwambia aende mjini kesho asubuhi aseme Mzee alikufa. Mtoto alikuwa anakonda, kila mtu aliona. Anayenyonya usiku tu atafika wapi? Senge Rachael, aliporudi kumwona, alimwekea mkono kifuani.

"Hii jina haiko hapa," alisema. "Kuna mahali inaitwa kila siku, na inaitika."

Sella alilia akaapa kwamba ataenda. Wiki ikapita. Hakuenda.

Sitaki kumtetea, lakini nitasema vile ilikuwa. Wakati huo redio zote zilikuwa zinasema gharama ya mishahara imelemea serikali, na pesa nyingi zinaliwa na wafanyakazi hewa, watu wasiokuwepo. Kila mfanyakazi akatakiwa afike mwenyewe, apigwe picha, aweke kidole gumba kwenye mashine. Ambaye hatafika, jina lake linatolewa. Sella akaona Mungu amemfungulia mlango. Mzee hatafika, si amekufa? Jina litatoka lenyewe, hakuna mtu atakayeulizwa, hakuna atakayefungwa, na mshahara wa mwisho utakuwa umeingia. Aliniambia hayo na uso umetulia kabisa. Nami, niseme ukweli, sikumbishia sana. Hewa, nilisema moyoni. Hewa itahesabiwa vipi?

Siku ya kuhesabiwa nilifunga kibanda nikaenda Kawangware kukaa nao. Mtoto alilala saa mbili kama kawaida. Lakini siku hiyo hakulala vizuri. Kidole chake gumba cha kulia kilinyooka. Vingine vimekunjwa, hicho kimenyooka, kigumu. Nasike alijaribu kukikunja. Kikanyooka tena.

Tukangoja jioni. Simu ikalia kabla. Ilikuwa Muema. Sella aliweka simu katikati yetu tusikie.

"Mama," Muema alinong'ona. "Nani amekuja hapa?"

Sella akasema hajamtuma mtu.

"Amehesabiwa. Sikumwona, nilikuwa ghorofa ya juu. Walinzi wanasema mzee amepanga foleni na wengine, hakuongea na mtu. Kidole kimekubali." Tulimsikia akifunga mlango. "Nimeangalia picha. Ni Mzee. Amefunga macho, Mama. Ana pamba puani."

Simu ikakatika. Tangu siku hiyo Muema haonekani kazini. Wengine wanasema ameokoka, yuko kwao.

Kesho yake Sella alienda. Hakungoja mtu amsukume. Alibeba kibali cha mazishi na picha za kaburi, nikamsindikiza. Tulizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, mpaka ofisi ya mama mmoja mwenye miwani, mtu wa heshima, hakutufokea. Alimsikiliza Sella akikiri kila kitu, hata kula mshahara huo. Kisha akageuza kompyuta.

"Mama, huyu alikuwa hapa jana. Kidole ni chake." Picha aliitazama haraka, kama mtu anayetazama jua. "Sisi tunaamini mashine. Huwezi kuniletea karatasi ya kuua mtu ambaye amehesabiwa akiwa hai."

Sella akapiga magoti. Pale pale kwenye sakafu ya ofisi ya serikali, mwanamke mzima. Alisema hataki mshahara, watoe, wamfunge, lakini jina walifute kwa sababu kuna mtoto. Yule mama alimwinua kwa mkono. Alitwambia twende nyumbani, hakuna mtu atakayemfunga, hesabu imekwisha na Mzee yuko salama. Tena, alisema, wafanyakazi wa makao makuu wamekuwa wengi mno, kwa hivyo waliohesabiwa wanagawanywa huko mashinani ambako hakuna watu. Akasoma kwenye kompyuta.

"Mzee Murunga amehamishwa Lodwar. Anaripoti Jumatatu."

Sella alishika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa sijaelewa bado. Nilimwambia tushukuru, angalau atakuwa mbali na mtoto. Alinitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

Jumatatu saa mbili, mtoto alilala.

Saa kumi na moja ikafika. Tulikuwa sote chumbani, Nasike, Sella, Senge Rachael na mimi. Nasike alikuwa ameshafungua blauzi. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe. Tukangoja ule uzito urudi. Tukangoja ile "aaah." Giza likaingia, hakuna aliyewasha taa.

"Lodwar ni mbali," Sella akasema. "Mtu hawezi kwenda na kurudi."

Hakurudi Jumanne. Hakurudi Jumamosi. Hospitali wamemwekea mpira puani, ndio wanampitishia maziwa, na kila daktari anayekuja anasema mtoto hana ugonjwa. Mwisho wa mwezi simu ya Sella ikaleta ujumbe wa benki. Mshahara umeongezeka. Kuna marupurupu ya kufanya kazi kwenye mazingira magumu. Sella aliitupa ile simu ukutani, na pesa zile hajazigusa hadi leo, lakini zinaingia tu.

Sasa Sella yuko huko Lodwar, jangwani kaskazini. Alipanda basi, peke yake, kwenda kumwombea likizo. Ndiyo, umenisikia vizuri. Kila asubuhi anasimama nje ya ofisi ya huko anawaomba wampe mzee wake ruhusa, hata ya siku mbili, akaone watu wa nyumbani. Alinipigia kwa simu ya kuazima. Wanamheshimu, alisema. Wanamwambia Mzee ni mfanyakazi mzuri, hajakosa hata siku moja, lakini ni mgeni na wageni bado hawapewi likizo. Aliniuliza kama mtoto ananenepa. Nikamdanganya.

Nasike ndiye anakaa hospitalini. Jana nilienda kumpokea zamu ili aoge. Mvua hii ya Novemba ilikuwa imeninyeshea kutoka stejini, Kawangware yote ni matope, viatu nilivua mlangoni pa wodi. Nikachukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu kumpangusa mtoto, maana hata kama hajawahi kukanyaga chini tangu azaliwe, mtoto ni wa kupanguswa. Nikampangusa uso. Nikampangusa mikono. Nikafunua miguu.

Katikati ya vidole vyake kulikuwa na mchanga. Mkavu, mwembamba, wa rangi ya kahawia. Niliugusa, na ulikuwa bado na moto wa jua.