Niliziba Matundu ya Parachuti ya Marehemu Mkwe

Nianze na ujinga wenyewe, mcheke mapema tumalizane: nilichukua sindano na uzi nikaziba matundu ya parachuti. Parachuti ya marehemu baba mkwe! Matundu aliyoyakata mwenyewe, kwa makusudi...

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, elimu yangu kidato cha nne, naishi Guangzhou miaka ile ambayo kila Mtanzania mwenye nauli alikuwa anakuja kufunga mzigo. Lakini mfanyabiashara alikuwa mke wangu, Rehema. Asubuhi yuko soko la Liuhua kwenye viatu, jioni anarudi kutoka bandari ya Huangpu sauti imemkauka kwa kugombana na wakala wa kontena. Mimi? Mimi nilikuwa wa ndani. Nilikaa chumbani kwetu, mtaa wa Kangle, na cherehani ya mtumba na sufuria mbili. Wali ukitoka haujashikana, basi kwangu siku imekwenda vizuri.

Watani waliniita Mama Mwenye Nyumba. Nilicheka nao. Lakini ni mwanaume gani hataki, japo mara moja, mkewe amsifie mbele za watu?

Kaka yake Rehema, shemeji yangu Sefu, alikuwa akisoma hapo hapo mjini. Alitoka likizo nyumbani na begi la turubai, ndani yake parachuti ya duara, ya rangi ya machungwa. Ilikuwa ya baba yao. Mzee aliruka jeshini, kisha akaendelea kuruka kwa mchezo tu mpaka mvi. Sefu naye mrukaji, na klabu moja nje ya mji ilimkubalia kuruka na ile ya mzee Jumamosi, mbele ya wapenzi wa parachuti za zamani. Rehema hakuwa na mazungumzo mengine. Alisema akiiona imefunguka juu, atakuwa amemwona baba yake tena.

Bweni la Sefu lilikuwa na unyevu, akaniachia mimi. Akasema, "Shemeji, we ianike tu ipate hewa."

Nikaitandaza juu ya paa la jengo. Mungu wangu! Upande mmoja ulikuwa na matundu makubwa, mengine kichwa changu kinapita. Nikasema panya hao! Eti panya... Kingo zote zilikuwa zimepindwa kwa utepe, mshono umenyooka kama wa kiwandani. Panya gani anapinda nguo? Sikujiuliza. Nilishaanza kuona Rehema akinikumbatia kwa furaha.

Nikazunguka maduka ya vitambaa. Duka la kwanza meiyou, hakuna. La pili meiyou. La tatu laoban, mwenye duka, akanikatia nailoni iliyofanana. Uzi mgumu nikaazima kwa jirani wa mlango wa pili, Mama Samira, Mzanzibari mshona mabuibui. Nikashona kwa sindano nene, mistari miwili miwili, nikijipigia mluzi!

Sefu akapiga simu kuuliza hali ya mzigo. Akaanza kunisimulia, kwa raha zake, kwamba zamani warukaji walinunua parachuti zilizotupwa na jeshi. Zile zilikuwa zinashuka popote upepo unapotaka, mtu anatua mtini. Basi wakawa wanakata vipande vya nyuma, hewa itokee huko, parachuti isonge mbele. Wakafunga kamba mbili, ukivuta ya kulia unageuka kulia. "Mzee alikata kidogo, akaruka, akakata tena," akasema. "Matundu yale ndiyo akili yake yote, shemeji."

Nikajibu nini? "Mazuri kweli kweli!"

Nilipokata simu nikaikimbilia ile parachuti. Nikafumua haraka haraka. Kitambaa cha zamani, sindano nene... kila nilipovuta uzi kilichanika kama karatasi ya maandazi. Mpasuko mmoja ukapanda karibu na kilele!

Hapo ndipo ningesema. Simu ipo, mdomo upo. Badala yake nilikunja, nikarudisha begini, nikapika maharage. Nikajifariji kwamba Sefu atakuwa na parachuti ya akiba kifuani. Hivi huo ni utu, ndugu zangu?

Jumamosi tukapanda basi wote watatu. Rehema alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Kila nilipofungua mdomo, nilimwangalia nikaufunga.

Uwanjani Sefu akaitandaza nyasini aifunge upya. Wazee wawili wa Kichina wakapiga magoti kuyaona matundu. Mmoja akaonyesha mpasuko kwa kidole. Sefu akapitisha vidole kwenye mpasuko, akauliza, "Nani ameshika hii?"

Nikasema... Mama Samira. Nikasema niliipeleka kwake ifuliwe, akaishona bila kuniuliza.

Hakuna aliyeruka. Tulivyorudi tu, Rehema akaenda moja kwa moja mlango wa pili. Nilisikia sauti yake, kisha ya Mama Samira ikisimulia paa, uzi wa kuazima na mluzi wangu.

Sefu hakunipiga. Bora angenipiga! Alibeba begi akaondoka. Rehema alikusanya nguo zake asubuhi, akahamia kwa rafiki yake, na kontena lake lilipoondoka naye akaondoka. Huyo Dar, mimi huku na sufuria zangu mbili.

Ndugu msomaji, ukiachiwa kitu cha watu, uliza kabla hujakigusa. Umeshakiharibu? Sema siku hiyo hiyo, uchekwe, utukanwe, yaishe. Usinifuate nilikopita, nakusihi!

Nilimwendea Mama Samira kumwomba radhi, na kumwomba aniombee kwa Rehema. Nikamwambia yote haya ni kwa kitambaa kikuukuu tu. Hakuacha hata kufunga kamba mzigo wake wa mabuibui.

"Weye Idi, Rehema hakuondoka kwa kitambaa. Ulipanda basi moja na kaka yake, unajua anakwenda kuruka na kitu kimechanika, ukanyamaza. Haya, toka mlangoni, nina mzigo wa kufunga."