Mgonjwa wa Kumi na Moja

Kwenye seva ya majaribio, kompyuta ya kujaribia programu ya zahanati, kulikuwa na wagonjwa kumi, wote wa kubuni. Fundi wa programu aliwatunga mwenyewe, akawagawia hadi vikohozi. Asubuhi hiyo alipowasha kompyuta walikuwa kumi na mmoja.

Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka sita, na mbele ya jina lake: asichomwe penisilini. Akamfuta. Akaiwasha programu upya, ile iliyoandikwa kwa lugha ya Python na kuendesha zahanati nzima, na mtoto akarudi palepale, na ofisi ikanuka spiriti ya sindano ingawa chumba cha sindano kilikuwa jengo la pili.

Alimjua. Miezi miwili nyuma alikuwa na madirisha mawili kwenye kioo, moja la seva ya majaribio, jingine la seva ya kweli. Wenzake walilitia la kweli rangi nyekundu ili mtu asikosee; yeye akaiondoa, eti inamchosha macho. Ndipo akaandika amri ya kufuta kila kitu kwenye dirisha la kweli. Mafaili ya wiki nzima yakaenda. Alipoulizwa alisema, "Umeme ulikatika," akaaminiwa. Kesho yake msichana yule akachomwa penisilini, maana hapakuwa na faili la kumkumbusha muuguzi. Hakufika jioni.

Fundi akamwita shangazi yake, mtoa majini. Mama huyo alikuja mchana, akasoma dua, akanyunyiza maji kuzunguka meza, kisha akasita.

"Umemfanya nini huyu mtoto?" akanong'ona.

"Sijamfanya kitu, shangazi."

Harufu ikapanda hadi wote wawili wakatokwa machozi. Hapo fundi akasema yote, na aibu ilimchoma kuliko hofu.

"Basi mimi sina dawa," shangazi akasema, akifunga mkoba wake. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kwa mama yake, umwambie kama ulivyoniambia mimi."

Akaenda. Mama wa marehemu akampokea kwa mikono miwili, akamkalisha kiti kizuri, akamshukuru kwa kuja mazishini, akasema hawajasahau alivyolia kuliko hata wenye msiba, na fundi akainamisha uso, akitamani ardhi ipasuke, mpaka akajisikia akisema, "Nimepita tu kukujulia hali, mama."

"Umefanya vizuri." Mama akaingia jikoni kuleta maji, akaita kutoka huko, "Mwambie na mwanao aingie, asisimame mlangoni. Nasikia viatu vyake."

Fundi hakuthubutu kugeuka. Alikuwa amekuja peke yake.