Mkanda Mweusi wa Dada

Kila Jumamosi asubuhi cherehani ya mama ilianza kuunguruma kabla chai haijapoa, na Mawazo alikaa chini ya meza akiokota vipande vya vitambaa. Hilo silo jina alilopewa alipozaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu ungeweza kumtuma sindano akakuletea mkasi, huku akitabasamu peke yake.

Jumamosi hiyo alikuwa na la kuwaza kweli. Katika ukumbi wa mtaa kulikuwa na madarasa mawili ya mazoezi: karate upande mmoja, kuruka kamba upande wa pili wa pazia. Mama alimwambia achague moja, na siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa ndiyo hiyo.

"Karate," alisema Mawazo. Alijiona akielea hewani polepole, nguo nyeupe zikipepea, shule nzima ikimtazama mdomo wazi.

"Haya, bingwa wangu," mama alicheka, akakata uzi kwa meno. "Ukienda, mpelekee mwalimu mkanda huu. Usiutoe kwenye karatasi, mwanangu. Una mwenyewe."

Ulikuwa mkanda mweusi, mpya. Mawazo alifika kona ya kwanza tu, uzalendo ukamshinda. Akautoa, akajifunga kiunoni. Barabara ikawa laini kama godoro. Alitembea hivyo, akili ikiwa mawinguni, mpaka akajikuta ameingia ukumbini bila kuuvua.

Sasa ukumbi ule ulikuwa na utaratibu wake. Watu walijipanga kwa rangi ya mkanda, na mwenye mkanda mweusi hakuulizwa swali. Alisimama mbele na kuongoza. Mwalimu alikuwa bado nje, akizungumza na wazazi. Dada mmoja mrefu, mwenye mkanda wa kahawia, alimwona Mawazo akashangaa kidogo, kisha akamwinamia na kurudi nyuma.

"Karibu, mgeni. Tuongoze."

Watu ishirini wakamkodolea macho. Mawazo hakujua hata salamu yao. Ng'ambo ya pazia kamba zilipiga sakafu, ta-ta, ta-ta, na miguu yake, bila kumwomba ruhusa, ikaanza kurukaruka. Darasa zima likaruka naye, wakidhani ndivyo anavyopasha mwili moto. Kwa kitambo kidogo ilikuwa raha tupu. Hata mkanda aliusahau.

Ndipo mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alipoingia. "Huo mkanda umeupata wapi, mwanangu?"

Mawazo angeweza kusema ameagizwa auvae. Uongo ulikuwa umeshamfika ulimini. Lakini alimtazama yule dada aliyemwinamia, akaona haya mpaka masikio yakamuwaka.

"Si wangu, mwalimu. Nilitumwa niulete, nikauvaa njiani. Nimewadanganya wote."

"Unajua ni wa nani?" Mwalimu akamwelekezea mkono yule dada mrefu. "Ni wake. Ameuhangaikia miaka sita, na leo ndiyo siku ya kumvisha."

Machozi yalimtoka Mawazo. Akaufungua, akamkabidhi dada kwa mikono miwili. "Nisamehe, dada. Umeniinamia bure."

Dada aliupapasa mkanda. "Umeniudhi," alisema. "Lakini umesema mwenyewe. Yameisha."

Mwalimu akachutama mbele ya Mawazo. "Na karate, unaipenda?"

"Naupenda mkanda," alinong'ona.

"Nilikuwa mlangoni, niliiona miguu yako. Nenda kwenye kamba. Na ukifika nyumbani, mweleze mama yako yote kwa kinywa chako. Heshima ni ya aliyeitolea jasho, mwanangu. Na usichague zoezi kwa ajili ya watakaokutazama. Chagua lile utakalolifanya kwa furaha hata kama hakuna anayekuona. Hilo hutaliacha, nalo ndilo litakalokujenga mwili."

Mawazo akapenya pazia, akaokota kamba. Kila mtu alikuwa anaruka yake. Hakuna aliyegeuka kumtazama, naye wala hakujali.