Ngazi za Mnara wa Posta

"Usiniite mwizi mbele ya mgeni!" Kaka mtu alipiga meza, kete zikaruka.

"Nikuite nani basi, mfalme?" Dada yake, mwalimu wa sekondari, hakurudi nyuma hata hatua.

Inspekta alikuwa kitini akisugua magoti. Aliwaacha wapumue, akafungua daftari. Jumanne, kati ya saa nane na saa kumi, sanduku la kadi mia tisa za maswali zilizoandikwa kwa mkono lilitoweka kabatini mwa mwalimu. Ndizo zilizozaa mchezo wa ubaoni unaochezwa sasa karibu kila sebule. Kesho kampuni ingesaini mkataba na mtunzi. Kila mmoja wa ndugu hawa alidai ni yeye, na mwalimu hakuwa na ushahidi mwingine zaidi ya kadi hizo.

"Mkamate seremala," kaka alisema. "Ndiye aliyekuwa akitengeneza kabati."

"Saa nane hadi saa kumi alikuwa duka la mbao. Nimeona risiti, na muuzaji amethibitisha." Inspekta alifunua ukurasa. "Maswali ulitunga wewe?"

"Yote. Kwa jasho langu."

"Hata la ngazi za mnara wa posta?"

"Nilizipanda mwenyewe nikahesabu. Mia na kumi na nne."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Mimi nimezipanda leo asubuhi. Ni mia na kumi na mbili."

Kaka alimgeukia dada yake.

"Niliongeza mbili makusudi," mwalimu alisema. "Watunga maswali hutega kadi moja ya uongo, anayeiba ajinase. Jana nilimwambia inspekta."

"Kadi ziko wapi?" inspekta aliuliza.

"Nimezichoma." Kaka alisimama. "Miaka sita nimebeba maboksi mgongoni, duka hadi duka! Nani angeujua mchezo huu? Watu wakiuliza mimi ni nani, wanajibiwa, 'Kaka wa mwalimu.'"

"Ungeniomba jina lako likae kando ya langu, ningekataa?"

"Niombe kilicho changu?"

Inspekta alisogeza maelezo ya mlalamikaji mbele ya mwalimu. "Ukisaini, analala ndani. Usiposaini, huu ni ugomvi wa ndugu, mimi najiondokea."

"Mdogo wangu," kaka alisema taratibu, "tumenyonya ziwa moja."

"Na seremala uliyetaka afungwe, yeye hakunyonya?"

Mwalimu akavuta kalamu, akasaini kurasa zote mbili, akamrudishia inspekta.