Pengo Kwenye Rafu ya Masijala

Kwanza apa. Apa kwa unachokipenda kuliko vyote kwamba haya hayatavuka mlango huu. Umeapa? Vizuri. Mimi nami niliapishwa hivyo hivyo, na aliyeniapisha alikuwa ameapishwa na mwenzake, ndiyo maana mji mzima sasa unajua isipokuwa wewe. Haya, sogea.

Mambo yalianza na harufu. Afisa mmoja wa ofisi ya ardhi, ametoka kula mchana tumbo limemjaa, alifungua droo yake kutafuta kijiti cha meno, pua ikakutana na harufu ya saruji mbichi, ile inayopanda fundi anapoimwagia maji. Akatazama dari. Akatazama ukuta. Hakuna aliyekuwa akijenga. Akaisukuma droo, akapiga ufunguo, na hamu ya kuchokoa meno ikamwishia hapo hapo.

Watu walimwita Bwana Kesho. Shati jeupe kila siku, viatu unaweza kujitazamia meno, na wimbo mmoja mdomoni: "Faili linatafutwa, njoo kesho." Ukija hiyo kesho, unakuta imehama.

Mafaili yenyewe yalikaa masijala, chumba cha mwisho wa korido, yamejipanga kwenye rafu za chuma chini ya ulinzi wa mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora. Yeye walimwita Mama Kadi. Sheria yake ilikuwa moja: ukitoa faili, hata ukiwa nani, unaandika jina lako na tarehe kwenye kadi ya njano, unaichomeka pale pale lilipotoka. Faili likirudi, kadi inatoka.

"Msiniachie pengo tupu," alikuwa akiwafokea. "Pengo tupu linaita mpangaji."

"Na kodi atalipa, mama?" vijana wa ofisi wakimtania.

"Kodi mtalipa ninyi."

Basi siku Mama Kadi alipokwenda kuzika, Bwana Kesho aliingia masijala akatoa faili la kiwanja cha mzee mmoja, fundi mwashi. Kadi hakuandika. Angeandika nini? Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amekitolea macho kiwanja kile, na mzee bila faili ni mzee na maneno yake tu. Faili likalala kwenye droo.

Mzee akaja kuliulizia. Alikuwa mtu wa adabu, wale wa zamani. Anakohoa kidogo kwanza, anagonga mlango kwa kifundo cha kidole, ndipo anasema, "Hodi, wanangu."

"Linatafutwa, baba. Njoo kesho."

Alikuja mvua ikinyesha, akaja jua likiwaka, akaja na fimbo, mwishowe akaja ameshikwa mkono na binti yake. Kisha jioni moja mlinzi alikwenda kumwamsha kwenye benchi la korido ili afunge ofisi, na mzee hakuamka. Vumbi la saruji lilikuwa bado kwenye mikunjo ya vidole vyake. Benchi lilipanguswa, na kesho yake watu wengine walilikalia.

Baada ya hapo ndipo ile harufu.

Siku chache hazikupita, Mama Kadi akamvuta Bwana Kesho kwa mkono wa shati hadi mbele ya rafu.

"Sikiliza," akanong'ona.

"Nisikilize nini?"

"Hapa, kwenye pengo. Weka sikio."

Hakuweka. Hata pale aliposimama aliuona ubaridi ukitoka katikati ya mafaili mawili, unatoka na kurudi, unatoka na kurudi.

"Panya," akasema.

"Baba, panya hakohoi."

Bwana Kesho akacheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. Yeye alikuwa ameshakisikia kile kikohozi, tena si kwenye rafu. Kila mchana wenzake wakienda kula, droo yake ilikohoa, ikagongwa taratibu kutoka ndani, ko, ko, kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kusumbua.

Angeweza kukiri siku ile. Lakini binti wa marehemu alikuwa amepeleka malalamiko, na Mkuu wa ofisi, asiyetaka maneno marefu, alishapata wa kumtwisha lawama. Faili halipo, kadi haipo, kwa hiyo mwenye masijala alieleze au afukuzwe bila kiinua mgongo. Mama Kadi alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Alilia mbele ya wote, na Bwana Kesho ndiye aliyempa kitambaa. "Pole, mama. Binadamu tunasahau." Umewahi kusikia roho kama hiyo?

Ilipofikia hatua ya mpiga chapa wa ofisi kuzimia kwa sababu kuna mkono uliomgusa begani ukamwachia alama ya saruji, Mkuu akaita mganga. Akamwingiza mlango wa nyuma, maana kwenye karatasi serikali haina majini. Mganga akatega sikio mlangoni pa masijala, akarudi anatikisa kichwa.

"Mkuu, mimi nafukuza majini. Huyu ni mteja. Yuko kwenye foleni."

"Sasa tufanyeje?"

"Mhudumieni."

Wakakusanyika ukumbini kushauriana, Mama Kadi naye na sanduku la vitu vyake, tayari kwa kufukuzwa, binti wa mzee kando yake. Bwana Kesho akaona nafasi. Faili lirudi tu, alifikiri, waseme Mama Kadi hakuangalia vizuri, na jambo liishe. Lakini mkono uliozoea hauachi. Kabla ya kulirudisha faili alichomoa karatasi moja, hati yenyewe yenye jina la mzee, akaikunja, akaitia mfuko wa shati kwa ajili ya shemeji.

Akaingia masijala. Kulikuwa na mwanga wa mchana dirishani, na sauti za wenzake zilisikika ng'ambo ya ukuta, na bado alipokuwa akipita kati ya rafu aliona kama korido ile ya mafaili inarefuka mbele yake, na harufu ya saruji ikamjaa puani hadi kooni, na kila faili alilolipita likatoa mguno mdogo kama mtu aliyeketi muda mrefu anayejigeuza kwenye benchi, mpaka akafika penye pengo, akafumba macho, akalisukuma faili ndani kwa mkono wa kulia, na humo ndani, taratibu, kwa adabu zote, vidole vikavu vyenye magamba ya saruji vikamshika kifundo cha mkono vikakaza.

Yowe lake lilitoa watu wote ukumbini.

Walimkuta amebanwa na rafu hadi kwenye kiwiko, faili nusu ndani ya pengo nusu nje, na kwenye shati lile jeupe, mfukoni, doa la maji ya kijivu linatanuka, na maandishi ya karatasi iliyo ndani yakionekana kama nyuma ya kioo. Binti wa mzee akasogea, akaichomoa, akaikunjua. Alisoma jina la baba yake, halafu akamtazama Bwana Kesho.

"Shetani kanipitia," Bwana Kesho akasema.

"Shetani hana ufunguo wa droo," Mama Kadi akamjibu.

Akaweka sanduku lake chini. Akatoa humo kadi ya njano na kalamu, akaziweka kwenye rafu mbele ya pua yake.

"Andika. Jina, na tarehe uliyotoa. Ile ya kweli."

"Mkono wangu, mama! Umeshikwa!"

"Una wa kushoto."

Akaandika, Mkuu anaangalia, mganga anaangalia, ofisi nzima imejazana mlangoni, herufi zake zimepinda kama za mtoto. Mama Kadi akaisoma kwa sauti, akaichomeka kwenye pengo.

"Nimeandika!" Bwana Kesho akalia kuielekea rafu. "Baba yangu, nimeandika, niachie sasa!"

Ndani ya rafu kitu kikakohoa kidogo. Kisha sauti ya mzee, ya upole, ya adabu, kila aliyekuwepo akaisikia:

"Njoo kesho."