Rogathe na Milango Sita

Likizo ya mwezi wa sita huko milimani Mamba haina nafasi ya uvivu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya tangawizi, lakini Rogathe alikuwa ameshateka maji, ameshafagia uwanja na ameshagombana na mbuzi mmoja aliyedhani ufagio ni kifungua kinywa chake. Alikuwa darasa la sita, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Alikuwa mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa kutafuta njia ya mkato.

Jumanne hiyo mama yake, Asteria, alikuwa amekaa kibarazani, mguu mmoja juu ya kigoda. Aliteleza shambani Jumapili, na kifundo kilikuwa kimevimba kama kiazi. Mama Asteria ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji, anayepita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wazazi siku ya kliniki.

"Leo nakuazima miguu yako," alisema, akimpa Rogathe karatasi. "Hawa ni watoto wanane ambao tarehe zao za chanjo zimepita. Keshokutwa, Alhamisi, Nesi Hedwiga anapanda na dawa kutoka zahanati. Atachanja pale kwenye ghala la tangawizi. Nenda mlango kwa mlango, uongee na mama mtu mwenyewe. Siyo jirani, siyo mtoto wa jirani, siyo kuku. Ukishaongea naye, ndipo uweke alama ya vema mbele ya jina la mtoto."

"Na kama hayupo?"

"Utarudi tena. Miguu haiishi."

Nyumba mbili za kwanza zilikuwa karibu. Rogathe alibisha hodi, akapokelewa, akaweka vema zake mbili kwa haki kabisa. Zilizobaki sita zilitawanyika: tatu ng'ambo ya kijito, mbili huko juu ambako hata mbuzi hupumzika kwanza, na moja chini kabisa karibu na barabara. Rogathe aliutazama mlima. Akahisi kama mlima nao unamtazama, tena unamcheka.

Ndipo akakumbuka kuwa kesho yake kulikuwa na msaragambo.

Katika milima ya Upare, msaragambo ni kazi ya wote. Kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, na safari hii watu walikuwa wanaitwa kufukua mtaro wa barabara. "Watu wote watakuwa pale!" Rogathe alijiambia. "Kwa nini nikimbizane nao mmoja mmoja kama kuku wa jioni?" Akakunja karatasi, akaenda kucheza rede, mchezo wa kukwepa mpira.

Jumatano, majembe yalipopumzika, alipanda juu ya rundo la mawe na kutangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Ndugu wananchi, kesho saa tatu asubuhi, kliniki ya watoto, ghala la tangawizi! Msikose!"

Wazee walimpigia makofi. Rafiki yake Doris alipaza sauti kutoka mtaroni: "Diwani wetu huyo! Barabara ya lami lini?" Watu wakacheka. Rogathe alishuka kifua mbele, akachomoa kalamu, akaweka vema sita, moja chini ya nyingine, zimenyooka kama wanafunzi wa gwaride.

Jioni mama yake aliuliza, "Umeongea na mama zao wote?"

"Ndiyo, mama." Jibu lilimtoka kabla hajalipima.

Alhamisi, Nesi Hedwiga alifika kwa bodaboda, kisanduku cha baridi begani na mizani ya watoto mkononi. Alitundika mizani kwenye boriti ya ghala, akaweka kisanduku mahali penye kivuli.

"Shikamoo, nesi," walisema Rogathe na Doris.

"Marahaba. Msikifungue hicho kisanduku, hata kwa kuchungulia. Dawa hizi zinaishi kwa baridi. Saa nane nashuka, barafu isije ikanisaliti."

Saa tatu ikapita. Saa nne ikafika. Walikuwa wamekuja watoto wawili tu, wale wa nyumba za karibu. Nesi aliipitia karatasi kwa kidole, halafu akaipitia tena.

"Mama Rogathe, hapa naona wote wanane wameambiwa. Hawa akina mama sita wana nini? Itabidi niandike kwenye taarifa yangu kwamba waliitwa wakakataa."

Mama Asteria, aliyekuwa amejikongoja hadi pale kwa fimbo, alitikisa kichwa. "Siyo kawaida yao, nesi. Nawajua mmoja mmoja."

Doris alimsogelea Rogathe, akanong'ona, "Jana pale mtaroni, ulimwona hata mmoja wao?"

Rogathe alifumba macho, akazipitisha sura za jana. Wazee. Vijana. Akina baba wenye majembe. Mama mwenye mtoto mgongoni hakuwepo hata mmoja! Na angekuwepo vipi? Mama anayenyonyesha husamehewa msaragambo. Utaratibu huo ulikuwepo kabla bibi yake hajazaliwa, na Rogathe aliujua kama jina lake. Katika kitongoji kizima, alikuwa amewatangazia watu wote isipokuwa wale aliotumwa kwao. Akina baba walisikia, naam. Lakini mwanamume akirudi kutoka msaragambo na njaa, neno la kwanza huwa ni chakula, na la pili huwa ni maji ya kuoga.

Angeweza kunyamaza. Doris asingesema. Lakini kalamu ya nesi ilikuwa tayari imegusa karatasi, na akina mama sita walikuwa karibu kuitwa wakaidi kwa sababu ya uvivu wa mtu mwingine.

"Nesi, usiandike," alisema. "Hawakukataa. Mimi sikufika kwao. Nilitangaza kwenye msaragambo, nikaweka vema. Mama, nilikudanganya."

Mama Asteria alimtazama kwa namna ambayo Rogathe alitamani angepigiwa kelele tu.

Nesi Hedwiga alitazama saa. "Saa nne na nusu. Ukitaka kulia, utalia nikishaondoka. Sasa hivi nahitaji miguu. Doris, unaweza ng'ambo ya kijito?"

"Naweza, nesi. Mimi siyo diwani, mimi natembea."

Rogathe alishaanza kukimbia.

Alianza huko juu. Nyumba ya kwanza, mama alikuwa anaanika nguo. Aliposikia tu neno chanjo aliacha beseni na kumnyakua mtoto. Nyumba ya pili alimkuta Mzee Melkizedeki peke yake, akipasua kuni.

"Mjukuu wangu na mama yake wameshuka Mwanga tangu asubuhi," mzee alisema. "Mngesema jana, wangesubiri."

"Ni mimi, babu. Nilitakiwa niseme juzi." Akaomba namba ya simu ya mama huyo, akaiandika kiganjani, akateremka mbio hadi nyumba ya chini.

Hapo alikuwa akiishi Ummy, aliyepanda kutoka kwenye mashamba ya mkonge, ambako mumewe anafanya kazi, ili kuvuna tangawizi kwa msimu mmoja. Mwanawe Yahaya alikuwa na miezi kumi, na chanjo ya surua alikuwa hajapata. Mlango ulikuwa na kufuli. Kutoka barabarani, honi ya Fuso ililia mara mbili.

Rogathe alikata katikati ya migomba, akatokea mbele ya lori lililosheheni magunia. Ummy alikuwa ameshapanda mbele, Yahaya mapajani; msimu ulikuwa umekwisha na alikuwa anarudi kwa mumewe.

"Mama Yahaya, shikamoo! Shuka! Chanjo ni leo!"

"Leo? Mbona sikuambiwa?" Ummy alitoa kadi ya kliniki iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. "Kadi hii naitunza kuliko simu. Kila siku nangoja kusikia. Na kule kambini kwa wakata mkonge tunaishi nyumba zimegusana. Surua ikimpata mmoja, inazunguka kama habari za harusi."

"Ni kosa langu mimi. Niliona uvivu kuja."

Dereva, Majaliwa, aligonga usukani. "Binti, tangawizi inasubiriwa Same. Mimi siyo gari la wagonjwa."

"Ndiyo, kaka, hajaugua bado. Ndiyo maana nakuomba sasa hivi."

Majaliwa alimtazama Rogathe, jasho likimtiririka. Akamtazama Yahaya, aliyekuwa anajaribu kula kitasa cha mlango. Akazima injini.

"Nusu saa. Ikizidi, huyo mtoto ataendesha yeye."

Walipofika ghalani, akina mama watatu wa Doris na yule mmoja wa huko juu walikuwa wameshapanga foleni. Yahaya alipimwa, akachomwa sindano, akalia kilio cha kusikika Mwanga, kisha akanyonya na kusahau yote. Lori liliondoka naye kabla ya nusu saa kuisha.

Nesi alipiga simu kwa namba iliyokuwa kiganjani mwa Rogathe. Mama wa mtoto wa nane alikubali palepale kumpeleka kliniki ya Mwanga kesho yake. "Lakini hapa simwekei vema," nesi alisema akiandika. "Naandika: bado, yuko Mwanga. Kesho jioni nitampigia tena."

Akafunga kisanduku, akamgeukia Rogathe.

"Sikiliza, mwanangu. Watoto wanaokosa chanjo ni wa watu ambao hatuwaoni mikutanoni: aliyejifungua, mgonjwa, mgeni asiye na wa kumwambia. Ndiyo maana tunabisha hodi. Na ile vema yako haikumkinga mtoto hata mmoja. Ilinifanya mimi niamini wameambiwa kumbe sivyo, na niwalaumu mama zao bure. Kazi ikikushinda, sema imenishinda, tutasaidiana. Leo ulisema ukweli kukiwa bado na muda, ndiyo maana tumeweza kusaidia."

"Nimeelewa, nesi. Samahani. Na wewe mama, samahani."

Mama Asteria aliinuka kwa fimbo yake, akaegemea bega la binti yake.

"Samahani nimeipokea," alisema. "Mengine tutaongea nyumbani."

Na nyumbani waliongea kweli, ingawa kwa sehemu kubwa ya mazungumzo hayo, Rogathe alikuwa msikilizaji.