Baraza ya Bibi Lavinia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sepiuta alifagia baraza ya bibi yake, na haikuwa kazi ndogo. Kisiwani Lifuka hapakuwa na baraza pana kama ile. Paa la nyumba lilishuka moja kwa moja mpaka likaifunika yote. Kila Jumapili baada ya ibada, Bibi Lavinia aliketi hapo, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni kama ilivyo desturi ya kisiwani, akingoja wapita njia waitazame.

Basi Mwalimu Fifita akawapa kazi: kila mwanafunzi atengeneze nyumba ndogo ya boksi, ijaribiwe mbele ya feni siku ya wazazi, ionekane kama itastahimili upepo. Sepiuta alitengeneza mfano wa nyumba ya bibi yake. Alipoijaribu jikoni kwa feni, upepo uliingia chini ya baraza, ukakosa pa kutokea, ukalisukuma paa juu. Paa likaruka na kutua kwenye sufuria ya samaki.

"Bibi ataniua," alinong'ona. Akachukua kiazi kikuu, akakifunga kwenye paa kwa ndani ili uzito wake ulizuie lisiruke.

Siku ya wazazi, nyumba za wenzake zenye upenu mfupi zilitikisika kidogo. Ya Sepiuta haikujitingisha hata chembe.

"Mmeona?" Bibi Lavinia aliwageukia majirani. "Na mlisema najidai."

"Unajidai, Lavinia," alijibu jirani yake, Mama Kalo. "Ila paa nalo limekaa."

Mchungaji alikuna kidevu. "Basi ukumbi wa kanisa nao tuuwekee baraza ya namna hiyo."

Kimbunga kikija, kijiji kizima hukimbilia ukumbini. Sepiuta aliwaza watu wamejikunyata mle, watoto kwa wazee, na paa linaondoka juu yao. Aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa bibi yake.

"Mchungaji, msiijenge," alisema. "Nimedanganya." Akafunua paa, akakitoa kiazi.

Mama Kalo akasema, "Lavinia, kumbe nyumba yako inashikiliwa na chakula cha jioni."

Watu wote walivunjika mbavu. Feni ikawashwa tena, na safari hii paa likapaa likamkalia Mchungaji kichwani.

"Baraza si mbaya," Mwalimu Fifita alieleza. "Ila iwe na paa lake na nguzo zake, chini ya paa kubwa bila kuungana nalo. Upepo ukilibeba la baraza, uende nalo hilo peke yake."

Wiki iliyofuata mafundi waliujengea ukumbi wa kanisa baraza ya namna hiyo, kisha wakaja kulikata paa la Bibi Lavinia. Sepiuta alisimama kando, macho chini.

"Bibi, nisamehe. Sikutaka uaibike."

"Niliaibika," alisema Bibi Lavinia, akimvuta karibu. "Mama Kalo bado ananicheka, na nimenuna kweli kweli. Lakini aibu huisha, mjukuu wangu. Paa likituangukia, je? Siku nyingine ukiona nimekosea, usinifichie. Niambie, hata nikinuna."